Mfereji Juu ya Nyumba ya Maman Agnès

Mume wangu Théodore alikuwa chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, kwa mwaka mmoja na miezi minne, na muda huo wote mimi nilikuwa chef wake. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kunisahihisha baadaye. Yeye alikuwa na kofia na muhuri. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, niliofundishwa na masista, na nilikuwa na farde.

Farde yetu ilikuwa jalada la karatasi ngumu, rangi ya kijani, lenye lastiki mbili za kulifunga. Ndani yake ilikaa sehemu yetu yote ya Bagira, hapa Bukavu, au angalau wale waliojua kuandika: maombi ya hati za makazi, mashtaka ya mipaka ya viwanja, barua za paroko, barua za kutoka juu. Kila asubuhi saa moja, Théodore akishamaliza kahawa yake, nilimwekea farde mezani, naye akaanza na karatasi ya juu kabisa. Watu walimngoja nje kwenye benchi, chini ya ukingo wa bati.

Ilikuwa mwaka wa 1976. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi za serikali, kwa hiyo mezani alikuwa Citoyen, yaani Mwananchi, Cirimwami. Akivuka pazia kuingia jikoni alikuwa Théodore tena, au Papa Virginie, kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Kazi yake halisi ilikuwa ujenzi. Mikono yake ilikuwa migumu kwa saruji, na hakuweza kusema uongo bila kutoka jasho. Walipokuja kumwomba awe chef, aliwaambia atafikiri. Akaenda kazini, akajenga ukuta wa watu mchana kutwa, akarudi jioni akasema, "Nakubali." Siku ileile nikaanza kutafuta kitambaa cha abacost, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa na tai. Sikumuuliza kwa nini amekubali, maana nilidhani najua. Nani hapendi kuitwa chef? Nilimpenda mume wangu tangu zamani, lakini nakiri kwamba miezi ile nilimpenda zaidi kidogo akiwa ndani ya ile abacost.

Kupanga farde ilikuwa kazi yangu, na niliipanga kwa mihuri. Karatasi yenye kichwa cha chui, muhuri wa serikali, ilikaa juu. Chini yake muhuri wa parokia. Kisha mihuri ya kampuni na ya shule. Kisha barua zisizo na muhuri lakini zilizopigwa kwa mashine. Za mkono zilikuwa chini kabisa, na kati ya hizo niliziweka mbele zenye mwandiko safi, kwa sababu mwandiko mbaya unaniumiza macho. Nilijivunia utaratibu ule. Hakuna aliyenifundisha, niliutoa kichwani mwangu, na kila mtu Bagira angeupanga vilevile.

Maman Agnès hakuwemo ndani ya farde, kwa sababu hakuwa na karatasi.

Alikuwa mjane kutoka upande wa Mwenga. Mumewe alichimba dhahabu kule hadi kifua kikamshinda. Aliishi na wajukuu wanne katika nyumba ya udongo iliyo chini kabisa ya mtaa, pale nyumba za cité, zilizopangwa safu safu, zinapoishia na mteremko unapoanza. Juu ya nyumba hiyo ulipita mfereji uliochimbwa zamani za Wabelgiji, wa kupeleka maji ya mvua bondeni. Kwa miaka mfereji ulikuwa umejaa udongo, migomba iliyooza na makopo. Mvua kubwa ya kwanza ikija, maji yangekosa njia yake na kutafuta nyingine, na njia nyingine ilikuwa mlango wa Maman Agnès.

Alikuja kila siku kuanzia mwezi wa saba. Alikaa mwisho wa benchi na ungo wa maharagwe mapajani, akichambua, akitupa mawe madogo kwenye maua yangu. Saa sita Théodore alipotoka kwenda kwenye ujenzi, kwa maana cheo kile hakikulisha mtu, ndipo zamu ya Maman Agnès ilipokaribia.

"Mama Virginie," aliniambia, "ile mufereji imejaa. Mvua ikianza, maji itakuya mu nyumba yangu. Itabeba nyumba na batoto."

"Leta karatasi, Maman."

"Mi sijue kuandika."

"Tafuta mutu mwenye anajua."

Aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwangu. Aliitazama kwa adabu, akarudi kwenye maharagwe yake. Leo nikikumbuka macho yale najisikia kuingia chini ya kitanda. Lakini wakati ule nilikuwa Madame Chef, na Madame Chef haandikii watu wa benchi barua.

Théodore, kwa upande wake, alimwambia, "Kesho, Maman. Kesho nitashuka kuangalia." Na hakuwa akimdanganya, jasho halikumtoka. Kila jioni aliamini kabisa kuhusu kesho. Asubuhi farde ilikuwa mezani, na kesho ikaliwa na mihuri.

Kulikuwa pia na ripoti ya wiki. Kila Jumatatu tulipeleka juu karatasi moja yenye safu safu, na safu ya mwisho iliandikwa "Événements", yaani matukio. Wiki isiyo na tukio, chef wengine waliandika R.A.S., kwa Kifaransa "rien à signaler", hakuna la kuarifu. Mimi sikupenda kabisa zile herufi tatu. Niliona zinatutangaza kuwa wavivu, quartier ya watu waliolala. Kwa hiyo nilijaza safu ile kwa chochote: ugomvi wa bombani, mbuzi wa jirani yetu Léopold aliyekula kitambaa cha altare.

"Mama Virginie," Théodore alicheka, "mbuzi iko événement?"

"Ilikula kitambaa ya padri. Ni événement."

"Na kama batatuma askari kubamba mbuzi?"

"Batakuta tumeisha kuikula," nikamjibu, naye akapiga muhuri.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa ikafika barua yenye chui wawili, mmoja juu na mmoja chini, na neno URGENT kwa wino mwekundu. Mgeni mkubwa kutoka Kinshasa angepita Bagira Jumamosi saa nne asubuhi. Barabara kuu ifagiliwe. Mawe ya pembeni yapakwe chokaa. Watu wawe wamejipanga kuanzia saa mbili, wanawake katika vitenge vya chama, na nyimbo na ngoma. Mwakilishi wa protokoli, ofisi ya mapokezi ya wageni, angekuja kukagua.

Niliiweka juu kabisa, na sikuficha furaha yangu. Jumatatu Théodore alishughulika na chokaa. Jumanne na Delphine, kiongozi wa wanawake wa animation, wale waimbaji wa chama, ambaye alidai vitenge viwe vya rangi moja. Jumatano na ngoma, kwani ngoma moja ilikuwa imepasuka na mwenye nyingine alikuwa amenuna. Katikati ya hayo yote alisuluhisha ndugu wawili, akaandikia hati watu saba, na akaenda kumwona paroko ambaye bado hajamsamehe yule mbuzi.

Jumatano jioni alikaa jikoni, akavua viatu, akaniuliza, "Leo nilifanya nini?"

Swali lilinipendeza, kwa sababu nilikuwa na jibu. Nilimhesabia kwa vidole: kumi na moja. Mambo kumi na moja kwa siku moja! Nilimwambia hakuna chef mwingine Bukavu nzima anayefanya hivyo.

"Kumi na moja," akasema. "Na mufereji?"

"Mufereji haiko mu farde."

Nje upepo ulikuwa umeanza kubadilika, ule upepo wa kutoka ziwani unaoleta harufu ya vumbi lililolowa, na matone machache yalipiga bati kisha yakaacha. Théodore alivaa viatu vyake tena, bila soksi, akatoka. Nilimwona akiteremka kuelekea kwa Maman Agnès kwa zile hatua zake za mjenzi, akitazama chini kila mahali anapokanyaga.

Alirudi giza halijaingia bado. Magoti ya suruali yalikuwa na udongo.

"Nimepima," alisema. "Batu makumi tatu, tangu asubui mapema mpaka saa tatu na nusu, na majembe. Chini ya ile hesabu, haiwezekani. Na mvua haitangoja wiki ingine."

Kulikuwa na siku moja tu katika wiki ambayo chef angeweza kukusanya watu thelathini wenye majembe bila kuwalipa: Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila mtu alilazimika kuifanya. Na salongo ya Jumamosi ile ilikuwa ya barabara ya mgeni. Niliona anakoelekea kabla hajafungua mdomo.

"Hapana," nikasema. "Papa Virginie, hapana. Batakufukuza."

"Banaweza."

"Na abacost?"

"Abacost nitavaa ku misa."

Nilikasirika. Mimi nikikasirika naosha vyombo, na jioni ile niliosha hata vilivyokuwa safi. Nilimwambia kwamba amepewa heshima na anaitupa ndani ya mtaro. Nilimwambia Maman Agnès angeweza kuhamia kwa ndugu zake. Nilimwambia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mwanamke yule hakuleta hata karatasi. Théodore aliningoja nimalize. Hilo ndilo jambo moja ambalo sijawahi kulizoea kwake, kwamba anangoja kweli.

"Unamukumbuka Muzee Ignace?" akaniuliza.

Sufuria ikanibakia mkononi.

Tulipooana tulipanga chumba Kadutu, kwenye kilima, ukuta mmoja ukiegemea mlima. Virginie alikuwa bado tumboni. Mchana mmoja mvua ilinyesha tangu saa nne, na mimi nilikuwa nakunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, nikizipanga kwenye beseni. Mzee Ignace alikuwa jirani yetu, mbebaji wa mizigo pale soko la Nyawera, mtu tuliyesalimiana naye tu. Siku ile alikuwa njiani na gunia la mtu kichwani alipoona maji yamekata njia juu ya nyumba yetu. Alilibwaga gunia palepale kwenye matope. Akaja mbio, akaingia bila hodi, akasema, "Tokeni." Nikamwambia ngoja nimalize kukunja. Akaninyang'anya beseni, akalirusha nje, akanishika mkono. Tulikuwa tumesimama barabarani, mimi nikimtukana kwa ajili ya nguo zangu, wakati mlima uliposhuka na chumba chetu. Haikuchukua hata muda wa Salamu Maria moja.

"Muzee Ignace hakukuwa chef," Théodore alisema. "Hakukuwa na cachet ya kupiga ku karatasi. Alikuwa na muzigo ya mutu ku kichwa, akaitupa. Siku banakuya kuniomba hii kazi, nilienda kujenga ukuta ya batu na niliwaza ye tu. Njo maana nilikubali. Mi nilijiambia, nitakuwa mutu wa kuangalia maji inapita wapi." Akapangusa udongo kwenye goti. "Na kila asubui naanza na karatasi ya juu. Nafanya mambo kumi na moja. Ile moja yenye ilinileta, sijafikiaka."

Nilikuwa nimeishi na mtu yule miaka kumi na tano, nikapanga siku zake kwa mihuri, na sikumuuliza hata mara moja amekuja kufanya nini pale mezani. Niliona aibu. Pia nilimpenda, kwa namna iliyonikasirisha upya, kwa sababu nilikuwa bado nataka abacost.

"Kesho," akasema, "weka ya Maman Agnès juu."

"Haina karatasi."

"Basi andika."

Alhamisi asubuhi Maman Agnès alikuwa kwenye benchi na ungo wake. Nikatoka na kiti changu mwenyewe, nikakaa mbele yake, kalamu mkononi, mbele ya watu wote. Aliacha kuchambua.

"Sema, Maman," nikamwambia. "Mi nitaandika."

Alisema maneno yaleyale aliyoyasema tangu mwezi wa saba. Yakawa mistari mitatu. Hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Nikamshika kidole, nikakipaka wino, akakibandika mwisho wa mstari wa tatu na kukitazama kidole chake kwa kicheko. Kisha nikaingia ndani, nikafungua farde, nikaiweka karatasi ile juu ya chui wawili na neno URGENT. Nilihisi kana kwamba chui wale watanguruma.

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro watu walikusanyika mbele ya nyumba yetu. Nusu walikuja na majembe, nusu na mafagio, na wanawake wa Delphine walikuja wamependeza, vitenge vimepigwa pasi. Théodore alisimama juu ya benchi. Hakuwa msemaji mzuri.

"Bandugu," alisema, "mugeni atapita saa ine. Mvua, hakuna mwenye anajua saa yake. Tuanze na ile yenye haina saa. Saa tatu na nusu tunapanda ku barabara, tunaimba. Kama kuko mwenye ataulizwa, aseme ni Cirimwami."

Nadhani wengi walikuwa wakitafuta njia ya kurudi nyumbani kwa heshima. Ni Delphine aliyeanza. Alimtazama Maman Agnès, akakitazama kitenge chake kipya, akashusha pumzi ya nguvu mpaka tukaisikia wote.

"Papa Chef, nguo yangu ikiharibika, utaninunulia ingine," akasema. Akakipandisha kitenge hadi magotini, akamnyang'anya mwanamume wa karibu jembe lake. Baada ya hapo hakuna mwanamume aliyeweza kubaki nyuma.

Mimi nilibaki nyumbani, maana mtu wa protokoli alitarajiwa, na vita ile ilikuwa yangu. Alifika saa mbili kamili, Citoyen Bulonza, kijana mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa na daftari. Aliitazama barabara kulia, akaitazama kushoto. Mawe yalikuwa na chokaa upande mmoja tu. Alikuwepo kuku.

"Citoyenne, population iko wapi?"

"Population inakuya, citoyen. Ikala kidogo, kunywa chai."

Nilimpa chai ya maziwa. Nilimpa karanga. Nilimuuliza mama yake anatoka wapi, na ikawa ni Walungu, kama mama yangu, kwa hiyo tukatafuta ukoo kwa nusu saa na karibu niupate. Nilimwonyesha farde na utaratibu wake wa mihuri, nao ulimpendeza sana. Lakini kila mara macho yake yalirudi barabarani, na kila mara aliandika kitu kwenye daftari. Kutoka chini tulisikia majembe, na juu ya majembe wanawake walikuwa wakiuimba wimbo wa mgeni kwa mwendo wa kulima.

Saa tatu na nusu walipanda. Ee Mungu wangu. Walikuwa na udongo hadi mapajani, usoni, kwenye nywele. Vitenge vya chama vilikuwa vimegeuka rangi moja hatimaye, kama Delphine alivyotaka. Théodore alikuja mwisho, akiwa na jembe begani juu ya abacost, kwa sababu alikuwa amelima nayo, na alikuwa na furaha usoni ambayo sikuwa nimeiona tangu siku Virginie alipozaliwa. Citoyen Bulonza alisimama na kikombe changu mkononi. Aligeuza ukurasa mpya.

Tulijipanga. Mgeni alipita saa tano, magari manne, vioo vimefungwa, kwa mbio. Hatukumaliza hata ubeti wa kwanza. Kwenye gari la pili mkono uliinuka. Labda alitupungia, labda alikuwa anajikuna. Vumbi likatuangukia juu ya udongo, tukaenda nyumbani kuoga.

Mvua ilikuja kesho yake, Jumapili, tukitoka misa. Haikuanza kidogo kidogo. Bati liliunguruma mpaka tukaacha kusikilizana, na barabara ya mgeni ikawa mto. Théodore alijifunika gunia akatoka mbio, nami nikamfuata nikiwa na viatu vya kanisani, nikimwita arudi na nikikimbia kwa nguvu zaidi yake.

Mfereji ulikuwa umejaa maji hadi ukingoni. Maji mekundu yalishuka na mawe na matawi, yakafika pale juu ya nyumba, mahali ambapo zamani yangenyooka, yakapinda kwenye mpindo uliokatwa na watu wa Jumamosi, na kupita. Kutoka ukingo hadi ukuta wa Maman Agnès hapakuwa na zaidi ya hatua tatu. Tulisimama pale tumelowa, tukiyatazama yakipita, muda mrefu.

Tukagonga mlango. Maman Agnès alifungua akiwa na mwiko mkononi.

"Futeni miguu!" alipiga kelele. "Nimeisha kufagia!"

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maharagwe. Wajukuu wawili walikuwa wamelala. Wengine wawili walikuwa wakigombania kipande cha mkaa wa kuchorea. Mwenyewe hakuwa ametoka nje tangu mvua ianze, kwa hiyo hakujua lolote. Alitukalisha, akatupakulia, akalalamika kwamba kuni ni mbichi na kwamba mkwe wake haandiki barua. Théodore alisogea ukutani, ule ukuta wa upande wa mlima, akauwekea kiganja chake chote, kama anavyofanya akikagua kazi. Ukuta ulikuwa mkavu. Aliuacha mkono wake pale, akacheka, akacheka mpaka ikabidi akae chini, na Maman Agnès akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ni mzima.

Jumatatu asubuhi tarishi alileta barua yenye chui. Iliitwa "Demande d'explication": Citoyen Cirimwami aeleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini barabara ilikuwa tupu saa mbili na watu wake wakawa wachafu saa nne. Niliisoma nimesimama. Nilijua tayari cheo kinakwisha, na abacost ile inabaki ya misa tu. Kisha nikafungua farde na kuiweka chini kabisa, chini ya zenye mwandiko mbaya.

Nje, Maman Agnès alikuwa amekaa mwisho wa benchi na ungo wake.

"Leo shida gani, Maman?"

"Sina shida," akasema, akatupa jiwe dogo kwenye maua yangu. "Nimezoea tu kuikala hapa."

Nikarudi mezani. Théodore alikuwa amemaliza kahawa. Ilikuwa siku ya ripoti, na tulijaza safu moja baada ya nyingine: waliozaliwa, waliokufa, waliohamia. Tukafika safu ya mwisho. Nilikuwa tayari kuandika mengi. Nilitaka kuandika mfereji, watu thelathini, kitenge cha Delphine, maji mekundu, hatua tatu. Nilitaka wakubwa wajue mume wangu ni nani.

"Événements?" nikamuuliza, kalamu juu.

Alitazama nje dirishani, kwenye benchi.

"Nyumba ilianguka?"

"Hapana."

"Mutu alikufa?"

"Hapana, Papa Virginie."

"Basi andika vile iko. R.A.S."

Nikaandika. Niliziandika zile herufi tatu polepole, kwa mwandiko wangu bora kabisa, pamoja na nukta zake. Ya mwisho ililowa machozi yangu, ikabidi niiandike tena. Kisha nikachukua muhuri, na nikaupiga mwenyewe.